Plastiki ipi itoke kabla ya kupiga mwanga

Unauliza plastiki ipi itoke kwenye filamu ya bodi za saketi, ile inayobandikwa juu ya shaba na kuwa ngumu ikipigwa mwanga. Ina plastiki mbili, moja kila upande; usibandue zote mbili, mkuu. Kabla ya mwanga inatoka moja tu, ile laini ya polithini, ndipo filamu ishike kwenye shaba. Ile ngumu ya poliesta iache: mwanga unapita, na inazuia oksijeni isivuruge tabaka la katikati lisiwe gumu. Ukishapiga mwanga ndipo uibandue, uoshe kwa sodiamu kaboneti ya asilimia 1 hivi. Palipopigwa mwanga panabaki.

Natengeneza bodi za saketi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wengi wanaolalamika filamu inabanduka wamebandika juu ya shaba baridi. Hasa ninyi wa Uyole, kwa baridi ya Juni! Inataka nyuzi 100 hadi 110, pasi inatosha. Ila kama filamu yako ni ile ya kuchapia fulana, utaratibu ni mwingine.