Maswali ya Wasomaji: Kuchaji Betri ya Akiba Gari Likiwa Safarini

SWALI: Mimi hununua mboga soko la Marikiti, jijini Nairobi, alfajiri na kuzipeleka Ruai kwa gari langu aina ya Probox. Kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara mtaani kwetu, nilinunua betri ya akiba ya ampea-saa 100 ya kuwashia taa na televisheni. Fundi mmoja alinishauri niiweke nyuma ya gari na kuiunganisha na betri ya gari kwa nyaya mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili ijae nikiwa njiani. Siku ya tatu, nilipokuwa ninawasha gari, plastiki ya waya ililainika na kutoa harufu ya kuungua. Je, wazo lenyewe ni baya, au ni kazi iliyofanywa vibaya? Na je, ninaweza badala yake kuwasha gari, nikaondoa betri yake na kufunga hii nyingine ichajiwe? — Msomaji, Ruai.

JIBU: Ndugu msomaji, wazo si baya hata kidogo, kwani magari ya kubebea wagonjwa na yale ya safari za mbugani hubeba betri ya pili inayojazwa na altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) ile ile inayojaza betri ya gari. Kilichokosewa ni waya, na zaidi ya waya, ni kuziacha betri mbili zikiwa zimeunganishwa muda wote.

Tazama kilichotokea asubuhi ile. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100 inapozungusha injini, na kwa kuwa betri zako zilikuwa zimeungana, ile ya nyuma nayo ilijitosa kusaidia kupitia waya ambao haukukusudiwa mzigo huo. Hukutaja unene wake, lakini ninashuku ni ule wa soketi za nyumbani, wenye milimita za mraba 2.5, ambao hupatikana kwa kila muuza vifaa vya umeme. Hata bila stata waya huo haufai: ukichukua mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, ampea 20 zikipita, hupotea takriban volti 1.4 njiani, kwa hiyo volti 14.2 zinazotoka kwenye altaneta hufika nyuma zikiwa 12.8, na kwa kiwango hicho betri haiwezi kamwe kujaa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hupoteza chini ya robo ya volti katika hali hiyo hiyo. Unauzwa bei ghali, najua, lakini hapa ndipo pesa zako zinapostahili kwenda.

Baada ya waya, mwambie fundi akufungie rilei ya kutenganisha betri, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, ambayo huziunganisha pale tu altaneta inapofanya kazi, yaani volti zikipanda kufikia karibu 13.3, na kuzitenganisha zikishuka hadi karibu 12.8. Kwa njia hiyo stata haitaigusa betri ya nyuma, wala televisheni haitaimaliza betri ya gari ukisahau kuchomoa. Pawe na fyuzi mbili, moja karibu na kila betri. Mafundi wengi hufunga moja tu upande wa mbele, wakisahau kwamba waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, betri ya nyuma nayo itaumwagia mkondo wake wote kutoka upande wa pili. Ikiwa gari ni la miaka ya karibuni na altaneta yake hupunguza volti kwa amri ya kompyuta, rilei haitoshi. Utahitaji chaja maalumu ya kupandisha volti, inayofungwa kati ya betri hizo mbili.

Usitarajie makubwa, hata hivyo. Betri iliyoshuka hadi nusu inadai ampea-saa 50 na ziada kidogo, na saa moja ya kutoka Marikiti hadi Ruai huenda ikakupa 10 hadi 15 pekee, tena pungufu ukikwama kwenye foleni, kwa sababu injini inapozunguka polepole altaneta hutoa mkondo mdogo. Televisheni na taa zinazotumia wati 60 kwa jumla huvuta ampea 5 hivi, kwa hiyo safari moja inakununulia saa mbili au tatu za jioni. Kuungurumisha injini uani kwa ajili ya kuchaji tu ni kuchoma petroli, na ndani ya gereji iliyofungwa moshi wake unaua.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Ukiitoa betri injini ikiwa inazunguka, volti za altaneta zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari, redio na altaneta yenyewe. Wapo mafundi wanaochomoa kichwa cha betri kwa namna hiyo wakidai wanaipima altaneta. Akija kwako mmoja wao, mzuie.

Probox haina ukuta kati ya mizigo na abiria, kwa hiyo ifunge betri kwa mkanda ndani ya kasha, isilale ubavu juu ya sukumawiki, na uache dirisha wazi kidogo, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Kazi ikiisha, gusisha mita ya kupimia volti kwenye vichwa vya betri ya nyuma huku injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Betri iliyoshuka sana huanza chini, lakini ikiwa baada ya safari ndefu mita bado haijafika volti 13.5, mrudishe fundi kwenye waya na viungo vyake kabla hujamlipa.