Mayai yaliyogoma kuanguliwa ndiyo mwalimu wako

Mtu akiniuliza habari za kutotolesha mayai nyumbani, swali lake la kwanza karibu kila mara huwa ni mashine: achukue ipi, inaingiza mayai mangapi, inajigeuza yenyewe au la. Mimi humrudisha kwenye yai. Hakuna mashine itakayotoa kifaranga kwenye yai lisilo na mbegu, wala kwenye yai lililokaa kabatini wiki tatu. Nimeona boksi la kuungaunga, lenye balbu, themostati (kifaa cha kudhibiti joto) na feni iliyochomolewa kwenye kompyuta iliyokufa, likitoa vifaranga wakakamavu kwa sababu mwenyewe alichagua mayai kwa makini na akajua kusubiri.

Yai la kutotolesha hutoka kwa kuku anayeishi na jogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Mbegu zake hubaki ndani ya kuku kwa wiki mbili hivi baada ya kupandwa, kwa hiyo ukibadilisha jogoo ili upate damu mpya, vuta subira wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya, la sivyo utaangua watoto wa yule wa zamani. Chagua mayai ya ukubwa wa wastani, yenye ganda gumu lisiloparuza wala kuwa na ufa. Likiwa kubwa kupita kiasi mara nyingi lina viini viwili. Likiwa dogo sana au limepinda, liache.

Usiyaoshe. Hapa huwa nasisitiza mpaka watu wachoke kunisikiliza. Ganda lina vitundu maelfu ambavyo kifaranga hupumulia, na kuku anapotaga huliacha likiwa na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya. Ukiliosha, utando umekwenda. Na ukitumia maji ya baridi, kilichomo ndani husinyaa kikavuta uchafu kuingia. Yai lenye kinyesi lipeleke jikoni. Suluhisho la kweli ni kiota kisafi chenye nyasi kavu, mayai yakusanywe mara mbili kwa siku.

Unapoyakusanya, yaweke mahali penye ubaridi wa wastani, nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Siyo kwenye jokofu. Ndani ya siku 7 bado yana nguvu. Baada ya hapo uwezo wake hupungua kila siku inayopita, na yakifika wiki mbili mimi siyaingizi tena. Mayai yaliyosafiri yaache yatulie siku nzima kabla ya kuyatia joto, ili kile kifuko cha hewa kilicho upande butu kirudi mahali pake.

Sasa joto. Kwenye mashine yenye feni ni nyuzi 37.5. Isiyo na feni inahitaji 38.3 hadi 38.8, na kipimo kichukuliwe usawa wa juu ya mayai, kwa sababu hewa ya moto hupanda na chini huwa pamepoa. Tarakimu zinazowaka kwenye kioo cha mashine usiziamini mpaka umezihakiki. Tumbukiza kipimajoto chako kwenye barafu iliyosagwa yenye maji kidogo: kinapaswa kusoma sifuri. Kisha kilinganishe na kile cha kupimia homa, vyote viwili vikiwa kwenye maji ya vuguvugu. Tofauti ya nusu nyuzi inaonekana ndogo, lakini ikidumu siku zote 21 za kutotolesha utaiona. Joto likizidi kidogo, vifaranga hutoka mapema, dhaifu, kitovu hakijafunga vizuri. Likipungua, huchelewa na wengi huchoka njiani.

Wamisri wa kale walitotolesha mayai kwa maelfu kwenye matanuri ya matofali bila kipimajoto chochote. Mhudumu alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, ngozi nyepesi inayohisi joto haraka, akajua kama moto uongezwe au upunguzwe. Ujuzi huo ulirithishwa baba kwa mwana. Karne ya 18 Mfaransa Réaumur, yule yule aliyetengeneza kipimajoto kinachoitwa kwa jina lake, alijaribu kufanya kazi hiyo kwa joto la samadi ya farasi, akachapisha aliyoyaona mwaka 1749 ili yeyote aweze kuiga. Namheshimu sana kwa hilo la kuchapisha.

Umeme ukikatika, usifungue mashine. Ifunike blanketi huku ukiacha matundu ya hewa wazi, na kama kukatika kutadumu, ingiza chupa za maji ya moto kiasi zilizofungwa vizuri, zisigusane na mayai. Kiinitete, yaani kifaranga anayeumbika ndani ya yai, huvumilia ubaridi wa saa chache vizuri kuliko unavyofikiri. Hata kuku mwenyewe huacha mayai kila siku akaenda kula, kunywa na kuoga vumbi. Kinachoua upesi ni joto kupita kiasi. Ndiyo maana balbu isiyo na themostati siiungi mkono hata kidogo: mchana ukiwa wa jua kali boksi linapika mayai, na waya zilizoungwa ovyo zinaweza kuwasha nyumba.

Kugeuza mayai hakuna siri. Chora alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili kwa penseli, siyo kalamu ya wino, kisha geuza mara tatu au tano kwa siku. Idadi iwe witiri ili usiku, muda mrefu zaidi bila kuguswa, yai lisilalie upande ule ule kila siku. Lisipogeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando. Siku ya 18 acha.

Unyevu ndio unaowachanganya watu wengi. Vitabu vitakuambia asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, na ni mwanzo mzuri, ila vipimaunyevu vya bei ndogo husema uongo mara nyingi. Mimi nategemea mizani ya jikoni inayosoma gramu. Yai hupoteza maji polepole kupitia vitundu vya ganda, na hadi siku ya 18 linapaswa kuwa limepungua uzito kwa asilimia 12 hivi. Yai lililoingia na gramu 60 liwe limebaki na 53 au chini kidogo. Pima mayai yale yale machache kila wiki, uandike. Yakipungua haraka mno, ongeza maji kwenye trei. Yakiwa mazito bado, punguza. Kuna wanaonyunyizia mayai maji kila asubuhi kwa mazoea bila kupima chochote, halafu vifaranga hufa maji ndani ya ganda.

Siku ya 7 usiku, zima taa. Chukua kopo, litoboe tundu dogo kuliko yai, weka tochi ndani, kisha egesha upande butu wa yai juu ya tundu. Lenye uhai litaonyesha nywele nyekundu za mishipa zikitawanyika kutoka kwenye doa moja, na ukituliza mkono utaliona doa hilo, ambalo ni jicho, likicheza. Lililo jeupe tupu halikuwa na mbegu. Lenye pete ya damu, duara jekundu lisilo na mishipa, lilianza likafa. Hayo mawili yatoe, maana yai viza likipasuka ndani ya joto linaharibu na mengine. Mayai ya kahawia ni magumu kusoma. Usipokuwa na hakika liweke alama, ulimulike tena siku ya 14. Ikifika siku ya 18 yai lote ni giza isipokuwa kifuko cha hewa juu, na ukibahatika utaona kivuli kikisukuma ukingo wake.

Kuanzia hapo acha kugeuza, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, funga mashine. Siku hizi tatu kazi yako ni kutofanya kitu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kifaranga kwanza hutoboa utando akaingiza mdomo kwenye kifuko cha hewa. Hapo ndipo unapoanza kumsikia akilia. Baadaye hudonoa ganda, kishimo kidogo tu, kisha ananyamaza. Anaweza kutulia saa 12 hadi 24. Watu huingiwa na huruma wakambandulia ganda, na damu inatoka. Ule ukimya haukuwa uchovu: mishipa iliyobandana na utando ilikuwa bado inarudisha damu mwilini, na kiini kilikuwa kinaingia tumboni. Hicho kiini kitamlisha siku mbili au tatu baada ya kutoka, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua mashine ili kumwahi na chakula. Kila unapofungua, mvuke unatoka, utando wa wenzake unakauka na kuwabana. Mwache akauke manyoya akiwa humo humo.

Jambo ninalolijali kuliko yote huja baada ya hapo, na wengi hawalifanyi. Mayai yaliyogoma usiyatupe. Toka nje nayo, mbali na nyumba, yavunje moja moja kwenye beseni kuukuu, uandike ulichokuta. Kama yaliyo meupe ni mengi, tatizo ni jogoo au mayai yalikaa sana. Pete za damu nyingi zinaelekeza kwenye uhifadhi, joto la siku za mwanzo au uchafu. Vifaranga waliokamilika, wamevimba na kulowa, kifuko cha hewa kidogo: unyevu ulikuwa mwingi tangu mwanzo. Waliodonoa wakafa wamegandamana na utando mkavu kama karatasi: unyevu ulikuwa mdogo siku za mwisho, au mtu alikuwa anafunguafungua. Waliogeuka kichwa upande uliochongoka, mara nyingi mayai yao yaliwekwa ncha iliyochongoka ikitazama juu. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unakufaa kuliko ushauri wa watu ishirini, kwa sababu unazungumzia mashine yako na kuku wako.

Na ukurasa huo uwape majirani wausome. Kwetu tunaofuga kwa kukaribiana tuna daftari moja linalozunguka, na kila anayetotolesha anaandika humo: mayai yalitoka kwa nani, yalikaa siku ngapi, yaliyoanguliwa, yaliyogoma na sababu. Kutokana na daftari hilo tuligundua ni jogoo yupi amezeeka bila mtu kumlaumu mwenzake. Kazi za mikono nazo huzunguka hivyo hivyo. Fundi wetu wa vikapu anasuka viota vya kitako kipana chenye mbonyeo kidogo katikati, ili mayai yakusanyike chini ya kifua cha kuku yasisambae pembeni, na ukingo ni mfupi kiasi kwamba kuku anaingia kwa kutembea badala ya kurukia mayai. Aliufanya hivyo baada ya kukaa akimwangalia kuku anavyoingia kiotani. Mwingine ni hodari wa kuunda maboksi ya kulelea vifaranga, naye ndiye aliyetufundisha kuzungushia kona zote ubao ulioviringwa, kwa kuwa vifaranga wakipata baridi hurundikana konani wakakosa hewa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka waote manyoya. Ila usiangalie namba pekee: wakijikunyata chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia kuta huku midomo wazi wanaungua.

Hata kuku anayeatamia tunaazimana. Mhamishe usiku, akiwa ameganda usingizini, ukiwa umekwisha kumpulizia dawa ya utitiri na chawa. Mpe mayai ya uongo siku moja mbili, na akitulia ndipo umwekee ya kweli yote kwa mkupuo, ili yaanguliwe pamoja. Anajua joto, unyevu na kugeuza kuliko kifaa chochote. Unachodaiwa ni maji na chakula karibu naye, na utulivu.

Ila kubadilishana kuna hatari yake na lazima isemwe. Magonjwa kama vile kuhara kweupe kunakosababishwa na bakteria wa Salmonella Pullorum hupita kutoka kwa mama hadi kifaranga ndani ya yai lenyewe, kwa hiyo usipokee mayai kutoka kwenye banda lenye kuku wagonjwa, hata kama mwenye banda ni rafiki wa karibu. Kuku mgeni mtenge wiki tatu au nne kabla hujamchanganya na wako. Trei zinazohama nyumba kwa nyumba zisafishwe kwa sabuni, zipakwe dawa ya kuua vijidudu, zianikwe juani. Na chanjo ya kideri msiisubiri mpaka mmoja wenu apoteze kundi.

Kwa wanaotaka kuchanganya ndege kwenye mashine moja: bata wa kawaida huchukua siku 28, bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28, kware 17 au 18. Mayai ya bata yakitangulia, ya kuku yakafuata wiki moja baadaye, wote wanaangua siku moja, na zile siku tatu za kufunga na kupandisha unyevu zinawafaa pamoja. Kware watotoleshe peke yao. Mayai yao ni madogo mno kwa trei ya kuku, na vifaranga wao, wadogo ajabu, huzama hata kwenye kisahani cha maji. Weka changarawe ndani ya kisahani hicho kabla hawajatoka.