Mwanangu, ile chumvi ya msibani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mlipotoka kwenye msiba wa bibi yake rafiki yako huko Osaka mlipewa vijipakiti vya chumvi mjinyunyizie kifuani, mgongoni na miguuni kabla ya kuvuka kizingiti, na kama jambo hilo linahusiana na watu kunawa wanapoingia hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Linahusiana sana, ila jibu lake limo kwenye kisa cha mume na mke.

Mume ni Izanagi, mke ni Izanami. Kisa chao kimo katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712. Wawili hao walizaa visiwa vya Japani, kisha wakazaa miungu ya upepo, ya milima na ya bahari. Usiwafikirie kama Mungu tunayemwomba sisi. Miungu hawa huzaliwa, hupenda, huona haya, na hufa. Izanami alikufa kwa uzazi: alimzaa mungu wa moto, akaungua.

Mume hakustahimili. Akamfuata Yomi, nchi ya wafu. Mke akamwambia amechelewa, ameshakula chakula cha huko, ila atakwenda kuomba ruhusa, asimtazame tu. Izanagi akangoja mpaka akachoka. Akavunja jino la kitana kilichokuwa nyweleni mwake, akaliwasha, akachungulia. Mwili wa mkewe ulikuwa umeoza, unatambaa funza.

Akatimua mbio. Izanami, kwa haya na hasira ya kuonwa katika hali ile, akatuma wanawake wa kuzimu wamfukuze. Izanagi akatupa shada lake la kichwani, likawa zabibu, wakasimama kula. Akatupa kitana cha pili, yakachipuka machipukizi ya mianzi, wakasimama tena. Hatimaye mke akaja mwenyewe, na mume akaziba njia kwa jiwe kubwa. Wakaachana papo hapo, huyu upande huu, yule upande ule. Mke akaapa kuua watu elfu moja kila siku. Mume akajibu kwamba atasimamisha vibanda 1,500 vya kujifungulia kila siku.

Kila nikikisoma kisa hiki roho huniuma. Humo binadamu hafi kwa sababu ametenda dhambi. Anakufa kwa sababu ya wawili waliopendana na mauti yakawatenganisha vibaya.

Sasa ndiyo tufike kwenye swali lako. Izanagi alisema ametoka nchi yenye unajisi, akaenda kujitosa majini penye mlango wa mto. Alipoosha jicho la kushoto akazaliwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua anayeabudiwa katika hekalu kuu la Ise. Jicho la kulia, Tsukuyomi wa mwezi. Pua, Susanoo mkorofi. Hebu fikiri, mwanangu: jua lenyewe limezaliwa mtu alipokuwa akijitakasa na mauti!

Kwa hiyo ukisimama penye birika la hekaluni unafanya kwa ufupi alichofanya yeye. Shika kata kwa mkono wa kulia unawe wa kushoto, badilisha, kisha kinga maji kwa kiganja cha kushoto usukutue. Usitie kata mdomoni. Chumvi nayo hushika nafasi ya maji ya bahari, na ndiyo ileile wanamieleka wa sumo wanayoirusha ulingoni kabla ya kushikana.

Jambo moja uliangalie. Mazishi mengi ya Japani huongozwa na makasisi wa Kibudha, na madhehebu ya Jodo Shinshu hufundisha kwamba maiti haina unajisi, kwa hiyo wao hawatumii chumvi. Ukienda msiba mwingine ukarudi bila kijipakiti, usidhani wamekusahau, wala usiulize chumvi iko wapi mbele ya wafiwa.

Nisalimie huyo rafiki yako, umpe pole yangu.

Mama yako