Klasta Ikijaa Kabla ya Wakati, Chunguza Mafaili Madogo

Ukiona klasta ya Ceph, yaani kundi la seva zinazohifadhi data kwa pamoja kwa programu ya Ceph, inajaa haraka kuliko data unayoiingiza, usikimbilie kununua diski. Endesha `ceph df`, kisha kwa kila puli (fungu la hifadhi lenye mpangilio wake) gawanya USED, yaani nafasi iliyoliwa kwenye diski, kwa STORED, yaani data uliyoiingiza. Kwa ereja-kodingi ya 4+2, yaani data inakatwa vipande vinne na kuongezewa viwili vya kufidia diski zikifa, jibu linapaswa kukaribia 1.5. Nimewahi kuliona limepita hapo mbali sana, na chanzo kilikuwa mafaili madogo yaliyojaa tele.

Chukua faili la kilobaiti 4. Kwa mpangilio wa kawaida kila kipande kina kilobaiti 4, kwa hiyo faili hilo hujazwa sifuri hadi vitimie vipande vinne, halafu vinaongezwa viwili. Hivyo ni sita. Sasa, kabla ya toleo la Pacific la mwaka 2021, diski za kuzunguka zilikuwa zikitenga angalau kilobaiti 64 kwa kila kipande, hata kiwe kidogo namna gani. Sita mara 64 ni kilobaiti 384, kwa faili la kilobaiti 4!

Pacific ilishusha kiwango hicho hadi kilobaiti 4. Lakini kuwa makini hapa: kiwango huwekwa OSD (sehemu ya Ceph inayosimamia diski moja) inapoundwa, na kupandisha toleo hakukibadilishi. Klasta ya zamani inabaki na 64 yake hadi uziunde upya OSD. Fanya hivyo moja baada ya nyingine, na usiguse inayofuata kabla puli zote hazijarudi kuwa salama. Kazi hii inachosha, tena inakula mtandao, lakini kwangu ndiyo iliyorudisha nafasi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hata baada ya hapo, faili letu linakula kilobaiti 24, ilhali nakala tatu za kawaida zingekula 12 tu. Kwa hiyo vitu vidogo sana viweke kwenye puli ya nakala tatu, au vifungashe pamoja kwenye faili moja kubwa kabla ya kuvihifadhi. Wengi huhamia 8+3 wakidhani watabana matumizi zaidi. Kwa mafaili makubwa ni kweli. Kwa haya madogo vipande vinakuwa kumi na kimoja, na faili lilelile linafika kilobaiti 44. Angalia kwanza ukubwa wa mafaili yako, ndipo uchague namba, kwa sababu puli ikishaundwa huwezi kuzibadilisha. Itabidi uunde mpya na kuhamisha data yote.