Kabla hujanunua trei za mayai

Juzi msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, nimepata trei za mayai 200 kwa bei ya kutupa. Nibandike kuta zote au upande wa baa peke yake?" Kapanga chumba, anarekodia humo, anataka trei zimzuilie kelele za baa. Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu kuna kipindi mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka Shekilango yote kuulizia trei kwa wauza mayai, na nilizibandika kwa gundi ya mbao nikijiona mjanja.

Wengi mnaonisoma mnajua kazi yangu ni kurekodi sauti. Nasoma matangazo, nasoma maelezo ya filamu za mafunzo, siku hizi na vitabu. Nyumba ni aliyotuachia baba, Sinza, chumba cha nyuma, mita tatu kwa tatu. Nyuma ya ukuta wa uzio kuna baa. Wakati baba anajenga palikuwa na mpapai na banda la kuku.

Nilianza kwa kujifunika shuka kichwani na maiki mkononi. Kwa sauti za mchana ilitosha. Tatizo lilikuja nilipopata mteja wa kweli, wa kwanza wa kulipa kwa mkataba, kazi ya vipindi kumi na viwili. Nikarekodi cha kwanza usiku kucha, nikatuma. Asubuhi akanijibu kwa sauti, na hiyo sauti sijaifuta mpaka leo: "Sauti yako nzuri sana, lakini mama, hiyo nyuma ni baa?" Ilikuwa bezi ya sabufa. Mimi nilishaizoea, masikio hayaisikii tena. Mkataba ukaenda kwa mtu mwingine. Shemeji yangu alipojua akasema mezani, mbele za watu, kwamba kazi ya kuongea peke yako chumbani ina wenyewe. Sijamsahau shemeji.

Basi nikaingia vitani. Trei za mayai kwanza. Zilipogoma nikanunua sponji zile za vipandevipande vyenye matuta, laki tatu na nusu, nikabandika kuta nne. Chumba kikabadilika kweli. Ukipiga makofi hayarudi, sauti yangu ikawa kavu, safi. Nikafurahi kama siku mbili. Ijumaa usiku sabufa ikaja vilevile, tena safari hii nikaisikia vizuri zaidi, maana mwangwi wa kunichanganya haukuwepo.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kama ningeambiwa mapema ningekuwa na pikipiki leo. Kunyonya sauti na kuzuia sauti ni kazi mbili. Sponji, pazia, zulia, godoro vinanyonya mwangwi wa sauti iliyomo ndani. Sauti ya nje inakuja kwa kuutikisa ukuta, na kinachokataa kutikiswa ni uzito. Trei zikijaa mita ya mraba nzima hazifiki hata kilo moja. Utaizuia sabufa na kilo moja?

(Na kabla sijasahau: sponji hizo zinashika moto vibaya sana. Januari 2013, kwenye ukumbi wa disko mjini Santa Maria, Brazil, fataki iliyowashwa jukwaani iliwasha sponji ya dari na watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Mimi nilikuwa nimeizungushia chumba chenye mlango mmoja na dirisha la nondo, na mgao wa umeme ukija nawasha mshumaa humo ndani. Nimezitoa karibu zote.)

Nilipoelewa neno uzito, kiburi kikanipanda. Nikasoma usiku na mchana. Nikagundua wenzetu wanatumia vinili nzito, mpira unaokuja umekunjwa kama zulia, mita moja ya mraba ina kama kilo 5. Nikaagiza Guangzhou kwa mawakala wa mizigo, roli mbili, kila moja kilo 30. Miezi miwili na nusu nasubiri meli. Vijana wawili wa bajaji walizishusha huku wananiuliza nimefunga maiti ya nani humo. Fundi akazipigilia kwenye ukuta wa upande wa baa kwa misumari ya zege, akachapa kazi siku nzima, nikampikia pilau.

Jumamosi hiyo nikakaa kitini, taa nimezima, nasubiri ukimya. Ndu, ndu, ndu. Ileile.

Nililia. Siwezi kudanganya hapa. Nililia kwa hela, na kwa shemeji ambaye nilishamwona akilini anacheka.

Sasa sikiliza hesabu ambayo fundi hakuifanya na mimi sikuifanya. Ukuta wetu ni wa tofali la inchi sita, umepigwa plasta pande zote mbili. Mita moja ya mraba ya ukuta kama huo ina uzito wa kama kilo 300. Mimi nikauongezea kilo 5. Ni sawa na kumpa mbeba mizigo wa Kariakoo gunia la mchele halafu umwongezee kiberiti juu. Kanuni inasema ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, sauti inayopita inapungua desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 5 au 6 hivi. Mara mbili! Na sikio la mtu linahitaji pungufu ya desibeli 10 ndipo liseme kelele imekuwa nusu. Kwa hiyo kilo zangu 5 kwenye ukuta ule zilikuwa pambo tu, la bei mbaya.

Sauti ilikuwa inapita wapi? Aliyegundua ni mpwa wangu wa darasa la sita. Alipanda darini kutafuta paka, mimi niko chumbani naongea na simu, mara namsikia anajibu maswali yangu: "Shangazi, nakusikia kama uko hapa." Alikuwa juu ya sebule! Nyumba zetu nyingi ziko hivyo. Kuta za vyumba zinaishia usawa wa dari, juu kuna kenchi na bati, na eneo lote la juu ni moja, halina kizuizi. Sauti ya baa inaingia kwenye matundu ya hewa chini ya paa na kupenya bati, inatembea juu inavyotaka, kisha inateremka kwenye jipsamu isiyofika kilo 10 kwa mita ya mraba. Mimi nimelinda geti, mwizi anapita darini.

Usiku huo nikafanya jaribio ambalo naomba na wewe ulifanye kabla hujatoa hata shilingi. Zima taa za nyumba nzima, weka tochi kali ndani ya chumba, funga mlango na dirisha, kisha zunguka nje. Palipo na mwanga pana tundu, na panapopita mwanga sauti haiulizi. Mlango wangu uling'aa chini kama tangazo la soda. Mwanya wa sentimita mbili chini ya mlango wa kawaida ni kama asilimia 1 ya mlango wenyewe, na hiyo asilimia 1 ikiachwa wazi, mlango huo hauwezi kukuzuilia zaidi ya desibeli 20 hata uwe wa chuma. Halafu weka redio ndani, ipige kwa nguvu, na zunguka tena ukitega sikio: juu, chini, pembeni, kwenye swichi. Swichi yangu na soketi ya chumba cha jirani zilikuwa zimegongana mgongo ndani ya ukuta. Ukuta wa kilo 300, na katikati yake kuna dirisha la ukubwa wa kiganja.

Sitawachosha na miezi iliyofuata, ilikuwa vumbi na kugombana na mafundi. Ila mambo mawili nayasimulia.

La kwanza ni mlango. Ulikuwa wa flashi, mwepesi, mtupu ndani. Nikasikia kuna watu wanajaza mchanga mkavu. Tukatoboa juu, tukajaza. Mlango wa kawaida wenye uwazi wa sentimita tatu unameza kama kilo 80 za mchanga. Kwa siku tatu nilikuwa na mlango bora Sinza nzima. Siku ya nne saa tisa usiku bawaba ziling'oka na fremu yake, mlango ukaanguka ukumbini, ukapasuka, na mama akatoka na panga akidhani tumevamiwa. Nikaenda Keko, nikachonga wa mninga, mzito kama kilo 50, bawaba nne, raba kuzunguka fremu yote na ubao wa raba unaogusa sakafu. Msidharau raba. Raba ile ya elfu kumi na tano ilinifanyia kazi kuliko sponji za laki tatu na nusu.

La pili ni dari. Vinili yangu ya Guangzhou niliitoa ukutani nikaipandisha juu, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Huko kilo 5 zina maana, kwa sababu zinaongezwa kwenye kilo 7 au 8, siyo 300. Tukaweka mbao mpya za mbili kwa nne zinazoshika ukutani, zisiguse kenchi, juu yake pamba ya kioo (vaa glavu, inawasha kuliko upupu), chini vinili, kisha jipsamu nene mbili zilizopishana maungio, kila ufa silikoni. Dari nzima iliongezeka zaidi ya kilo 200 juu ya kichwa changu, kwa hiyo fundi anayekwambia mbao za zamani zitabeba, mwage. Dirisha tuliliziba kwa tofali.

Siku ya kwanza ya chumba kipya nilikumbuka kwa bibi, Mji Mkongwe, Unguja. Kuta zile za mawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi. Ukikaa ndani mchana unasikia pumzi zako. Ila bibi akifungua dirisha, uchochoro mzima unaingia. Wazee walishanionyesha somo lote bure, mimi nikalilipia ushuru wa bandari.

Joto nalo ni habari nyingine. Chumba kisichopitisha sauti hakipitishi hewa, na Dar ya Februari mnaijua. AC ya ukutani inapoza hewa ileile, haileti mpya. Mwanzoni nilikuwa nafunga saa mbili mfululizo, natoka kichwa kinagonga. Sasa napoza chumba, nazima AC, narekodi dakika ishirini, nafungua mlango dakika kumi. Ukiona mtu anakuuzia chumba cha kurekodia bila kutaja hewa, hajawahi kukaa humo.

Najua mtauliza kwa nini sikuishtaki baa. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015 zipo, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na nilipeleka malalamiko panapohusika. Muziki ulishuka wiki mbili. Shtaki, lakini jenga.

Haya, mdogo wangu wa Mbagala. Umesema chumba ni cha kupanga, kwa hiyo dari ya mwenye nyumba usiiguse bila ruhusa ya maandishi. Trei waachie wauza mayai. Fanya jaribio la tochi leo usiku, nunua raba za mlango na silikoni, omba kubadilisha mlango kwa mzito utakaohama nao. Kabati lililojaa vitabu au nguo liegemeze dirishani, si kwenye ukuta wa tofali. Rekodi upande wa nyumba ulio mbali na baa hata kama ni stoo. Sabufa haitaisha yote. Bezi ndiyo ngumu kuliko zote, hata kwangu Jumamosi kuu naihisi kwenye nyayo, na siku hiyo sirekodi.

Yule mteja alirudi mwaka jana, kazi ya vipindi vinane. Hakuuliza kuhusu baa. Aliuliza kuhusu jogoo anayesikika kipindi cha tatu, dakika ya kumi na moja. Ni wa mama, na mama kakataa asichinjwe.