Blanketi zito kwa mtoto wa miaka 9, na joto la Ujiji

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kama blanketi zito, yaani lile lililoshonewa vitu vya uzito ndani, litamsaidia mwanao mwenye usonji, anayegaagaa kitandani hadi usiku wa manane na kujibana ukutani apate kutulia. Mimi mwenyewe nina usonji, naishi Tabora mjini, na kule kujibana ukutani nakujua vizuri. Uzito ukitua mapajani, mwili wangu unaacha kupiga kelele.

Jaribu, ila usilifanye dawa ya usingizi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliwapima watoto 67 wenye usonji: hawakulala muda mrefu zaidi, lakini wao na wazazi wao walilipenda kuliko blanketi la kawaida.

Umesema ana kilo 25. Wengi hufuata sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, kwa hiyo kilo 2 na nusu. Anza hata na 2. Lazima aweze kulitoa mwenyewe, na kichwa kisifunikwe kamwe. Kama ana pumu au kifafa, muulize daktari kwanza.

Joto ndilo gumu. Langu alinishonea fundi cherehani: pamba nyepesi tabaka mbili, vyumba vidogo vya ukubwa wa kiganja, ndani changarawe iliyooshwa ikaanikwa. Mwanzo niliweka mchele, ukaingia fukusi. Linaishia kiunoni, kifua kinabaki wazi.

Usimfunike akiwa usingizini. Mwekee pembeni, alivute mwenyewe. Akilisukuma, mwache.