Maswali yenu ya RNA: G na U tena jamani

Meseji zimejaa na nusu yake ni swali moja, bas nianze nalo. Kwa mgeni: A, U, G na C ni herufi (besi) za RNA, na kwa kawaida G hushikana na C, A na U.

"Maalim, G kushikana na U si makosa?" (Langoni, na wengine wanne)

Si makosa. Mwanasayansi Crick alieleza tangu 1966 vile nafasi ya tatu ya kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi-amino moja) inavyolegea hata G ikashikana na U, ndo maana tRNA moja (RNA ndogo inayobeba asidi-amino) husoma kodoni zaidi ya moja. Atakayeita makosa tena simjibu.

"G-U ina bondi mbili za haidrojeni na A-U mbili, kwa hiyo ni sawa?" (Shela)

Hapa ndo mnaponichosha, kuhesabu bondi kama mtu anayehesabu misumari ya mlango asiangalie mbao zimekaaje. G-U ikikaa, U inasogea kwenye ule mfereji wa kina wa msokoto wa RNA, oksijeni yake namba 4 inabaki nje, na jirani kuna oksijeni namba 6 na naitrojeni namba 7 za G, zote zina uhasi. Sasa kwenye A-U kuna amino (kikundi cha naitrojeni na haidrojeni) ya A upande huo, kwenye G-C kuna ya C, zinaleta uchanya kidogo wa kupoza, lakini G-U haina amino yoyote pale, ni uhasi mtupu, na mfereji wenyewe mwembamba, kwa hivo magnesiamu inakuja kama nzi kwenye halua. Bondi mbili na mbili, tabia mbali mbali kabisa.

Na upande wa pili, mfereji mwingine, amino ya G haina mwenzake, imejitokeza tu. Ile tRNA ya alanini (moja ya asidi-amino) inajulikana kwa jozi hii, G ya nafasi ya 3 na U ya nafasi ya 70. Watafiti Hou na Schimmel 1988 waliitia kwenye tRNA ya sisteini na ya fenilalanini, zote zikaanza kubebeshwa alanini! Jozi moja tu, nanyi mnaniambia makosa.

"A na C zinaweza kushikana?" (Mokowe)

Zinaweza, A ikipata protoni. Ikiwa peke yake inataka pH ya karibu 3.5, ndani ya RNA hiyo pKa (pH ambayo nusu ya A zina protoni) inaweza kupanda ikapita 6. Umbo linafanana na G-U ila chaji ni chanya, usizichanganye. Na programu nyingi za kuchora RNA kwa kompyuta hazikuwekei hiyo protoni, uiweke mwenyewe, nishaona watu wamepoteza wiki nzima hapo.

"Picha yangu ya chaji imetoka nyekundu yote, RNA imeharibika?" (Mkomani)

Mwanangu, nyekundu ni hasi, na kila fosfati ya uti wa RNA ina hasi moja, ulitarajia rangi gani? Picha isiyo na skeli ni pambo la ukutani. Chukua RNA ile ile, mahali pa G-U weka G-C, chumvi iwe kiasi kile kile, skeli ile ile, ndo ulinganishe. Na chumvi uiandike, maana ukibadilisha chumvi na picha inabadilika, halafu watu waje kubishana bure.

"DNA nayo?"

Ipo G-T (T ndo inashika nafasi ya U kwenye DNA), umbo ni lile lile. Huko sasa mara nyingi ni makosa kweli, ya kunakili.

"Maalim shikamoo, naomba unifanyie asainmenti ya Ijumaa."

Marahaba. Sifanyi.